Mal Whitfield: Askari wa kukumbukwa kwa utaratibu, si kwa ukali

Tanzia za wastaafu wa jeshi zina mpangilio unaofahamika. Huanza cheo na miaka ya utumishi, zikafuata vita au operesheni alizoshiriki marehemu, kisha nishani alizovishwa. Mwishoni kabisa, kabla ya ratiba ya maziko, ndipo msomaji anapoambiwa kwamba marehemu aliipenda familia yake na kwamba jioni alikuwa akiwafundisha vijana mpira, ngumi au riadha. Sentensi hiyo ya mwisho hupita haraka, kama nyongeza ya heshima tu. Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Katika maisha ya askari wengi, kazi waliyoifanya baada ya kuvua sare ndiyo iliyowafikia watu wengi zaidi, na ndiyo inayoonyesha jeshi liliwapa nini hasa. Mfano ulio wazi kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni Malvin Whitfield, maarufu kama Mal, sajini wa Jeshi la Anga la Marekani aliyefariki dunia Novemba 2015 mjini Washington akiwa na miaka 91. Amezikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington kwa heshima anayostahili mtu aliyepigana vitani. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia barani Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, akifundisha vijana kukimbia. Ukiyapima maisha hayo kwa makini, utaona kwamba alichokitoa jeshini na kukipitisha kwa vijana ni utaratibu. Tunapomkumbuka askari kwa ushujaa na ukali wake pekee, tunakumbuka sehemu isiyoweza kurithiwa na kuiacha ile inayorithika.

Whitfield alizaliwa Texas mwaka 1924, akafiwa na wazazi angali mdogo, na aliyemlea ni dada yake mkubwa huko Los Angeles. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika katika mji huo mwaka 1932, mtoto huyo wa miaka saba alimwona Mmarekani mweusi mwenzake, Eddie Tolan, akishinda mita 100, naye akajiwekea nia ya kufika huko siku moja. Mwaka 1943 aliingia jeshini, katika vikosi vya weusi watupu vinavyojulikana katika historia kwa jina la Tuskegee Airmen. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliendelea na utumishi katika kambi ya Lockbourne, jimbo la Ohio, huku akisoma na kushindana mbio kwa niaba ya chuo kikuu cha jimbo hilo. Jeshi alilolitumikia lilikuwa bado linawatenga askari wake kwa rangi. Amri ya Rais Harry Truman ya kukomesha ubaguzi jeshini ilitiwa saini Julai 26, 1948. Wiki moja baadaye, Agosti 2, Whitfield alishinda fainali ya mita 800 katika Olimpiki ya London, na kwa ushindi huo akatwaa dhahabu ya Olimpiki akiwa mwanajeshi wa Marekani aliye kazini. Mfuatano huo wa tarehe unafaa kutiliwa maanani, kwa sababu unaondoa dhana kwamba nidhamu yake ilikuwa utii wa mtu aliyetendewa haki. Alikuwa na nidhamu ndani ya taasisi iliyokuwa haijamtendea haki, na hilo baadaye lilimfanya awe mtumishi wa serikali asiyeogopa kuiambia serikali yake ukweli.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu umo katika tarakimu chache. Jijini London alishinda kwa dakika 1 na sekunde 49.2, nyuma yake akiwa Mjamaika Arthur Wint, jitu refu ambalo nalo lilikuwa limerusha ndege za Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa vita. Miaka minne baadaye, Helsinki 1952, wawili hao walikutana tena kwenye fainali ileile. Whitfield akashinda tena, Wint akawa wa pili tena, na saa ikasoma dakika 1 na sekunde 49.2, bila kupungua wala kuongezeka hata sehemu ya kumi ya sekunde. Katikati ya mbio hizo mbili kulikuwa na Vita vya Korea. Whitfield alikwenda huko akiwa mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege ya mabomu, akafanya safari 27 za mashambulizi. Baina ya safari moja na nyingine alifanya mazoezi kwenye barabara ya kurukia ndege, mara nyingi usiku, bastola ikiwa kiunoni. Ni rahisi kuisoma picha hiyo kama hadithi ya ushujaa, na waandishi wengi ndivyo walivyoisoma. Lakini ushujaa hauelezi 1:49.2 mbili. Shujaa anaweza kukimbia siku moja kwa hamasa akavunja rekodi, kisha asiifikie tena. Mtu anayerudia muda uleule baada ya miaka minne, kukiwa na vita katikati, ni mtu anayejua amefanya nini jana, anafanya nini leo, na kwa nini. Kwenye lami ile hakukuwa na kocha, uwanja wa mizunguko wala mshindani wa kumsukuma. Kulikuwa na mpango aliojipangia na akaufuata hata pale ambapo hakuna ambaye angemlaumu kwa kuuacha.

Hilo linahusu mita 800 kuliko mbio nyingine nyingi. Ni mizunguko miwili tu ya uwanja, na kosa la vijana karibu wote ni lilelile: mzunguko wa kwanza hukimbiwa kwa hamaki, mwili ungali mwepesi na mashabiki wakipiga kelele, na deni lake hulipwa kwenye mita 150 za mwisho, miguu inapokuwa mizito na mabega yakaanza kupanda masikioni. Kocha wa mbio hizo kazi yake kubwa ni kumfundisha kijana kujizuia. Humkimbiza mita 200 mara kadhaa kwa muda uliopangwa, akamwadhibu kwa maneno anayewahi kama anavyomwadhibu anayechelewa, mpaka kijana aijue kasi yake bila kutazama saa. Ni kazi inayochosha kuitazama, haina shangwe, na matokeo yake huonekana baada ya misimu miwili au mitatu. Anayeiweza ni mtu aliyezoea kufanya jambo moja kwa usahihi siku baada ya siku, kama fundi wa ndege anavyokagua injini ileile kabla ya kila safari ijapokuwa jana ilikuwa nzima. Jeshi likimpa mtu tabia hiyo, limempa kitu cha kufundishia. Likimpa sauti ya kufoka peke yake, halijampa kitu ambacho mtoto anaweza kukitumia.

Mwaka 1954 Whitfield alipewa tuzo ya James E. Sullivan, inayotolewa kila mwaka kwa mwanamichezo bora wa ridhaa nchini Marekani, na akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Angeweza kuishi kwa jina hilo. Badala yake, kuanzia katikati ya miaka ya 1950 alianza ziara za kimichezo zilizodhaminiwa na serikali ya Marekani, na ziara zikageuka kazi ya kudumu iliyoendelea mpaka alipostaafu mwaka 1989. Alifanya kazi Liberia na Nigeria, akaishi Kenya, Uganda na Misri, na semina zake za ukocha zilifika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Mwaka 1967 shirika la East African Publishing House la Nairobi lilichapisha kitabu chake Learning to Run. Kitabu hicho ni kielelezo kizuri cha ninachokisema, kwa kuwa kocha anayetegemea haiba yake haandiki mwongozo. Mwongozo huandikwa na mtu anayetaka kazi iendelee asipokuwapo: mwalimu wa shule ya msingi aliye mbali na Nairobi, asiye na saa nzuri wala uwanja uliochorwa kwa chokaa inayodumu, aweze kufungua ukurasa na kuanza. Whitfield alifundisha wanariadha, lakini pia alifundisha makocha, na hapo ndipo athari ya mtu mmoja inapovuka umri wake.

Pingamizi la kwanza ni zito na halifai kukwepwa. Mwajiri wa Whitfield kwa miaka mingi alikuwa idara ya habari ya serikali ya Marekani, na idara hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya kukuza riadha ya Afrika. Kulikuwa na Vita Baridi. Moscow ilikuwa ikiuonyesha ulimwengu jinsi Marekani inavyowatendea watu weusi, na Washington ilihitaji watu weusi waliofanikiwa wa kuwatuma katika nchi zilizokuwa zikipata uhuru. Mwanariadha bingwa, mweusi, mwanajeshi aliyepigana na wakomunisti Korea, alikuwa tangazo lililokamilika. Je, tumkumbuke mtu huyo kama mwalimu au kama chombo cha propaganda? Jibu la haki ni kwamba alitumwa kwa sababu moja na akafanya kazi kwa sababu nyingine, na ushahidi upo katika maandishi yake. Machi 1964, katika jarida la Ebony, lililosomwa sana na Wamarekani weusi, alichapisha makala akiwataka wanariadha weusi wa Marekani wasusie Olimpiki ya Tokyo iwapo watu wao hawatapewa haki kamili za uraia. Hiyo ilikuwa miezi kadhaa kabla ya sheria ya haki za kiraia kutiwa saini Julai mwaka huo, na miaka minne kabla Tommie Smith na John Carlos hawajainua ngumi zao jukwaani Mexico. Chombo cha propaganda hakiandiki hivyo. Na hata tukikubali kwamba nia ya aliyemtuma ilikuwa ya kisiasa, kijana aliyefundishwa kuvuka kiunzi kwa mguu sahihi hakufundishwa siasa. Ujuzi ukishaingia mwilini mwa mtu ni mali yake, hata kama nauli ya mwalimu ililipwa na mtu mwenye hesabu zake.

Pingamizi la pili linatoka kwetu sisi wenyewe, nalo ni la kujitetea kwa haki. Kumsifu Mmarekani kwa riadha ya Afrika Mashariki kunaweza kurudisha ile hadithi ya zamani kwamba Mwafrika aligunduliwa na mgeni. Historia haikubali hadithi hiyo. Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walikwishakimbia mbele ya umati wa White City, London, mwaka 1954, na mwaka huohuo Maiyoro akawa wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver. Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne 1956. Wilson Kiprugut, aliyeipa nchi hiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushika nafasi ya tatu katika mita 800 mjini Tokyo 1964, naye alikuwa askari, na miaka ya 1960 wanariadha wa taifa walikuwa na kocha wao Mwingereza, John Velzian. John Akii-Bua wa Uganda, mshindi wa mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alikuwa polisi, na kocha wake alikuwa Mwingereza Malcolm Arnold. Kwa hiyo orodha za majina makubwa ambazo tanzia za Whitfield zilimhusisha nazo zisomwe kwa uangalifu. Lakini uangalifu huo haudhoofishi hoja yangu, unaiimarisha. Kama thamani ya kocha ingekuwa medali za watu aliowagusa, kila medali ingegombaniwa na makocha watano. Thamani ya Whitfield iko mahali pasipogombaniwa: kwa mwalimu aliyehudhuria semina ya wiki moja akarudi shuleni kwake akijua kupanga mazoezi ya mwezi, na kwa wanafunzi wa mwalimu huyo ambao hawakufika hata mashindano ya wilaya.

Pingamizi la tatu ndilo linalonihangaisha zaidi. Linasema kwamba kuwatukuza askari wanaofundisha watoto ni kuleta kambi shuleni. Wanaolisema wana mfano wenye nguvu kuliko wote. Idi Amin alikuwa askari wa King's African Rifles na bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka kadhaa. Alikuwa na sare, mazoezi, gwaride na mikanda ya ubingwa, na tunajua aliyoyafanya. Akii-Bua mwenyewe, aliyewahi kupamba utawala huo kwa dhahabu yake, alilazimika kukimbilia Kenya utawala ulipoanguka mwaka 1979. Jeshi na michezo, basi, haviwi chuo cha maadili kwa kukutana tu. Na tusijidanganye kuhusu viwanja vyetu: wapo makocha wanaoamini kwamba kijana asiyetapika hajafanya mazoezi, wanaomkimbiza aliyeumia goti kwa kumwita mzembe, na wanaotumia fimbo pale maarifa yalipoishia. Baadhi yao hutetea ukali huo kwa kutaja jeshi.

Ndiyo maana nimetenganisha utaratibu na ukali tangu mwanzo. Ukali unamweka kocha juu ya mwanafunzi, lakini utaratibu unawaweka wote wawili chini ya kipimo kimoja. Saa haipigi saluti. Ikisema kijana amekimbia mita 400 kwa sekunde 58 wakati mpango ulitaka 60, kocha hana budi kuuliza ni nini kilichokosewa, na huenda kosa ni la mpango wake. Kocha mkali hawezi kuuliza swali hilo bila kupoteza heshima anayoidhania, kwa sababu heshima yake imejengwa juu ya kutokosea. Sajini aliyefanya safari 27 akiwa mkiani mwa ndege, akimtegemea rubani asiyemwona na rubani akimtegemea yeye, alikuwa amejifunza kwamba kila mtu kwenye kazi ya pamoja ana kipimo chake na cheo hakimkingi. Jeshi bora hufundisha hivyo. Jeshi baya hufundisha woga, na wastaafu wake wakija viwanjani huja na woga huo. Wazazi wana haki ya kuuliza ni jeshi lipi linaloletwa kwa watoto wao, na jibu halipatikani kwenye cheti cha kustaafu. Hupatikana kwa kutazama mazoezi yenyewe jioni mbili tatu: je, kuna daftari la muda na majeraha, au kuna kipyenga na matusi tu?

Lipo pia suala la ufadhili wa masomo. Whitfield husifiwa kwa kuwasaidia Waafrika wengi, maelfu kwa mujibu wa baadhi ya wasifu wake, kupata nafasi katika vyuo vya Marekani kupitia michezo. Wakosoaji wanauliza ni nani aliyefaidika. Kuanzia miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vilijaza timu zao vijana wa Afrika Mashariki, vikawakimbiza kila wikiendi kutafuta pointi za chuo, na wengine wakarudi nyumbani miguu imechoka kabla ya miaka yao bora. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini upande wa pili pia una majina. Julius Sang na Robert Ouko walisoma katika chuo kikuu cha North Carolina Central, chini ya kocha mweusi Leroy Walker, na wakawa nusu ya timu ya Kenya iliyoshinda mita 400 kupokezana vijiti Munich 1972. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika michezo hiyohiyo, alisoma Marekani mpaka shahada ya juu kabisa akarudi kufundisha chuo kikuu nyumbani. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wa Tanzania walipitia El Paso, Texas. Kinachokosekana katika ubishi huu ni orodha. Tungekuwa na kumbukumbu ya nani alikwenda, alisoma nini, alirudi lini na sasa anafanya nini, tungeweza kupima faida na hasara kwa haki. Bila orodha, anayemsifu Whitfield kwa maelfu na anayemlaumu kwa maelfu hayohayo wote wanakisia.

Na familia? Tanzia husema marehemu alikuwa mume na baba mwema, na hakuna anayeuliza zaidi kwa kuwa adabu inakataza. Lakini kazi ya kufundisha watoto wa watu wengine ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na watoto wa nyumbani kwa saa za jioni na siku za Jumamosi. Mke wa Whitfield, Nola, na watoto wao walikuwa na mume na baba ambaye kazi yake ilikuwa bara jingine, nchi baada ya nchi. Mmoja wa mabinti zake, Fredricka, anajulikana na watazamaji wengi kama mtangazaji wa CNN. Mtu anaweza kusema kwamba kujitolea kwa vijana wa nje na kujitolea kwa familia ni ahadi mbili zinazogombania saa zilezile. Nadhani maisha ya mtu aliyelelewa na dada yake yanatoa jibu lenye uzito. Aliyepata malezi kutoka kwa mtu ambaye kwa desturi hakuwa na wajibu wa kuwa mzazi wake anajua kwamba ulezi ni kazi anayoweza kuifanya yeyote aliye tayari, na kwamba mtoto hapungukiwi akipata mlezi wa pili uwanjani. Jamii zetu zinalijua hilo: kocha wa mtaani huitwa mwalimu, huulizwa ushauri kuhusu karo, na huitwa kwenye vikao vya ukoo kijana wake anapooa. Kwa sababu hiyo tanzia ya haki ingemtaja pia mke aliyebaki na nyumba, kwa kuwa nusu ya kazi ya kocha hufanywa na mtu asiyevaa kipyenga shingoni.

Hoja hii haiishii kwa Mmarekani aliyezikwa Arlington. Afrika Mashariki ina askari wake wa namna hiyo, wengine maarufu, wengi wasiojulikana nje ya kata zao. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, Februari 2, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho huku mpinzani wake John Walker akimfukuza. Wengi waliiona mbio ile kama wazimu. Ilikuwa mpango: alijua hana kasi ya kuwapita wenzake kwenye mita 100 za mwisho, akaamua kuwachosha kabla ya kufika hapo. Muda huo ulidumu kama rekodi ya michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka mwaka 2022. Leo kizazi kipya kinamjua zaidi kwa shule alizozianzisha pamoja na mkewe Anna, ikiwamo ya Kibaha mkoani Pwani, kuliko kwa Christchurch. Juma Ikangaa, mwanajeshi mwingine wa JWTZ, alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, akashinda New York 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na baadaye akatumia jina lake kuhamasisha mashindano ya wanawake ya Ladies First yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017 kwa msaada wa Wajapani. Hawa wawili wana majina. Swali ni kuhusu koplo na sajini wastaafu wanaowapanga watoto mstari kwenye viwanja vya vumbi saa kumi na moja jioni, kwa koni walizonunua wenyewe, na ambao hawamo kwenye kumbukumbu ya chama chochote.

Kwao, kumuenzi mtu kwa maneno mazuri siku ya msiba ni kuchelewa. Mambo matatu yanawezekana bila bajeti kubwa. Kwanza, vyama vya riadha, soka na ngumi vya nchi zetu vianze daftari la makocha wa kujitolea, kata kwa kata, lenye jina, mchezo, idadi ya vijana na miaka ya kazi. Shule zinazopeleka timu kwenye mashindano ya shule za Tanzania, UMITASHUMTA na UMISSETA, tayari zinajua ni nani aliyewafundisha watoto kabla hawajafika kambini. Pili, majeshi yanapowaandaa askari wao kwa maisha ya kustaafu, yaweke kozi ya ukocha wa watoto kati ya zile za ufugaji na ujasiriamali, na kozi hiyo ianze na ulinzi wa mtoto, ili mwenye ukali usio na maarifa achujwe mapema. Tatu, makocha hao waandike. Daftari la mazoezi la miaka 15 ya sajini mmoja wa Mbulu, Kapsabet au Kapchorwa lingeweza kumfaa mwalimu kijana kuliko kitabu kilichoagizwa kutoka nje, maana lingeeleza mwinuko, mvua, njaa ya kipindi cha kilimo na umbali wa kwenda shule.

Atakayeona kwamba hayo yanamshusha askari kutoka kwenye heshima ya vita hadi kwenye kazi ya kawaida aitazame tena ile lami ya Korea. Nishani za Whitfield ni zake na familia yake, na dakika 1:49.2 zilikwisha kupitwa na mamia ya wakimbiaji. Namna alivyojipanga nyakati zile za usiku inaweza kufundishwa kwa mtoto yeyote, naye alitumia zaidi ya miaka 30 kuifundisha. Atakapofariki mstaafu mwingine aliyefanya kazi hiyo, mwandishi wa tanzia aanze na idadi ya vijana aliowafundisha na mahali walipo sasa, amtaje mwenzi aliyembeba, kisha ndipo afike kwenye cheo. Na kama idadi hiyo haipo kwa sababu hakuna aliyeihifadhi, aandike wazi kwamba haipo, na ataje chama kilichopaswa kuihifadhi.